Bunduki Ndogo ya Wenzo: Jina Lake na Chuma Chake

Katika nyumba nyingi za wakulima wa Marekani ilikuwa desturi ya zamani kusimamisha bunduki moja ndogo nyuma ya mlango wa jikoni. Haikuwa bunduki ya vita, wala ya kuwindia wanyama wakubwa. Kazi yake ilikuwa kumpiga panya ghalani, na sungura alaye kabichi, na mnyama anyemeleaye banda la kuku usiku. Na mchana wa siku ya mapumziko, kuyaangusha makopo matupu yaliyopangwa juu ya ua. Desturi hiyo ya nyuma ya mlango haifai kusifiwa, kwa maana imeleta msiba kwa watoto, na leo mwenye busara huifungia bunduki yake kabatini kwa kufuli, na risasi akaziweka mahali pengine. Lakini bunduki yenyewe imebaki, na wako watu wengi nchini humo wanaoipenda kuliko chombo kingine chochote walichorithi kwa baba zao.

Bunduki hiyo ina mambo mawili yanayoitofautisha na nyingine. La kwanza ni risasi yake. Katika risasi kubwa, fataki ni kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Katika risasi hii ndogo, ambayo upana wake ni kama inchi 0.22, hakuna kikombe. Unga wa fataki umetandazwa ndani ya ukingo wa kitako chenyewe, na pini ya bunduki inapoubana ukingo ule, moto huwaka. Risasi ya namna hii yenye upana wa .22 ilianza mwaka 1857 pamoja na bastola ndogo ya Smith & Wesson; na ile itumikayo zaidi leo, iitwayo .22 Long Rifle, ilitokea mwaka 1887. Ganda lake likiisha kupigwa haliwezi kujazwa tena, bali hutupwa. Walakini bei yake ni ndogo, hata mtu aweza kupiga hamsini au mia kwa mchana mmoja pasipo mkewe kuuliza fedha zimekwenda wapi.

Jambo la pili ni wenzo, yaani kile kipande cha chuma chenye kitanzi kilicho chini ya kifyatulio, ambacho vidole vya mkono wa kulia huingia ndani yake. Mkono ukiusukuma wenzo chini na mbele, komeo hurudi nyuma, ganda tupu hurushwa nje, na nyundo husimama tayari. Ukivutwa juu tena, risasi mpya hupanda kutoka katika bomba lililo chini ya mtutu na kuingia mahali pake. Mpango huu ni wa zamani. Bunduki ya wenzo ya kwanza kupata sifa kubwa ilikuwa ile ya fundi B. Tyler Henry ya mwaka 1860, iliyofanyizwa New Haven katika jimbo la Connecticut kwa mali ya tajiri Oliver Winchester. Zilifanyizwa kama 14,000 kabla ya kuachwa mwaka 1866. Nayo pia, ijapokuwa risasi yake ilikuwa kubwa, ya .44, ilitumia fataki ya ukingoni.

Katika Kenya hakuna aruhusiwaye kuwa na bunduki bila cheti cha serikali, na uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kwa hiyo habari hizi ni za wakulima wa Marekani. Huko, kwa sheria ya mwaka 1968, mwuza duka hana ruhusa kumwuzia bunduki ya namna hii mtu asiyefika miaka 18, na tangu mwaka 1998 jina la mnunuzi huchunguzwa kwanza na serikali. Lakini hakuna sheria inayomlinda mnunuzi asinunue chombo kibovu. Hilo ameachiwa mwenyewe.

Basi, mtu akiuliza huko Marekani ni bunduki ipi ya wenzo iliyo njema, atajibiwa mara moja kwa jina. Mmoja atasema Marlin, mwingine Winchester, wa tatu Henry. Na hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu jina huchongwa juu ya mtutu na yeyote mwenye haki ya jina hilo, na haki ya jina hununuliwa kama ng'ombe anunuliwavyo sokoni.

Habari ya Marlin ni ya kufikiriwa sana. Kiwanda hicho, ambacho pia kilikuwa New Haven, kilitoa bunduki yake ya kwanza ya wenzo ya .22 mwaka 1891, nayo ilibuniwa na fundi L. L. Hepburn. Annie Oakley, yule mwanamke aliyejulikana kote kwa shabaha yake, aliitumia. Baadaye ikarekebishwa kidogo ikaitwa ya 1892, kisha ya 1897, kisha Model 39 katika miaka ya 1920, na mwisho 39A mwaka 1939. Mabadiliko yalikuwa machache. Mtu aliyefundishwa na babu yake kuipiga ile ya zamani angeichukua 39A gizani, na mikono yake ingejua kila kitu kilipo. Kiwiliwili chake, yaani ile sehemu ya katikati ambayo mitambo yote hukaa ndani yake, kilikuwa cha pua iliyofuliwa. Kitako kilikuwa cha mti wa jozi. Uzito wake ulikuwa ratili sita na nusu, mtutu inchi 24, na bomba lake lilichukua risasi 19 za Long Rifle. Kwa upande wa kulia kulikuwa na parafujo moja kubwa ambayo hata sarafu yaweza kuifungua, na bunduki ikagawanyika vipande viwili.

Bunduki kama hiyo ni ghali kuifanyiza. Vipande vyake ni vingi, kila kimoja lazima kichongwe, na vikiisha kuchongwa lazima mtu avipatanishe kwa mkono: akwangue hapa, ang'arishe pale, ajaribu wenzo, avunje, ajaribu tena. Kazi hiyo ilikuwa vidoleni mwa wazee wa kiwanda. Mwishoni mwa mwaka 2007 kampuni ya Remington ilikubali kuinunua Marlin, na kufika mwaka 2011 kiwanda cha North Haven kilikuwa kimefungwa na mashine zimehamishiwa mji wa Ilion katika jimbo la New York. Mashine zilihama, lakini wazee wengi hawakuhama. Bunduki za wenzo zilizotoka Ilion katika miaka ya kwanza zilileta malalamiko mengi: vilengeo vimeinama upande, mbao hazikukutana na chuma, wenzo mzito kama mlango wenye kutu. Jina lilikuwa lile lile, na maumbo yalikuwa yale yale. Kazi ilitengemaa kidogo kidogo miaka ilipopita, lakini 39A haikurudi kuwa chombo cha kawaida dukani. Ikawa ya kuagizwa maalumu tu. Remington nayo ilifilisika mwaka 2018, ikafilisika tena mwaka 2020, na jina la Marlin likanunuliwa na kampuni ya Ruger.

Kwa sababu hiyo wanunuzi wa Marekani wakajifunza kutazama alama ndogo iliyogongwa kwenye mtutu karibu na kiwiliwili. Mitutu ya kiwanda cha zamani ina herufi JM. Mitutu ya wakati wa Remington ina REP. Leo mwenye bunduki ya JM huitaja alama hiyo kwanza, kabla hata ya kusema bunduki ni ya mwaka gani, na 39A ya zamani iliyo nzuri aghalabu huuzwa kwa bei ipitayo mara mbili ya bunduki mpya ya Henry. Alama hiyo ina maana yake. Lakini haisemi ni nani aliyeimiliki bunduki hiyo kwa miaka hamsini tangu igongwe, wala kama aliitia mafuta. Tena, wakati wa kuhama, mitutu mingine iliyokwisha kugongwa JM ilikuja kuunganishwa na mikono ya watu wapya. Mtu aliyelipa kwa ajili ya herufi mbili na asitazame zaidi amenunua herufi mbili.

Upande wa pili kuna Henry ya leo. Wengi hudhani ni kampuni ile ile ya mwaka 1860. Sivyo. Ilianzishwa Brooklyn mwaka 1996 na Louis Imperato na mwanawe Anthony, ambao walilichukua jina la yule fundi wa zamani, na bunduki yao ya kwanza, H001, ilianza kuuzwa mwaka 1997. Mpango wa ndani wa H001 ulitokana na bunduki ya Kijerumani ya kiwanda cha Erma. Kiwiliwili chake si pua iliyofuliwa. Ni madini ya mchanganyiko wa zinki, yaliyomiminwa katika kalibu, na juu yake kuna kifuniko kilichopakwa rangi nyeusi. Ndugu yake, iitwayo Golden Boy, hung'aa kama shaba ya manjano, na wageni huishika kwa heshima kubwa. Lakini kifuniko kile si shaba tupu, ni mchanganyiko mwingine uliotiwa sura ya shaba.

Wazee wa 39A huidharau kwa hayo. Husema kwamba bunduki ya rangi ya kupaka si bunduki. Lakini inafaa kusemwa waziwazi kwamba katika jambo hili wazee wamepitiwa. Risasi ya .22 ni dhaifu, haihitaji ngome ya pua kuizuia; kazi ngumu hufanywa na komeo na mtutu, navyo ni vya pua. H001 ina ratili tano na robo, kijana wa miaka kumi na miwili aweza kuishika bila kutetemeka, na wenzo wake huteleza vizuri tangu siku ya kwanza. Zimeuzwa zaidi ya milioni moja, na nyingi zimepigwa maelfu ya risasi bila kuvunjika. Upungufu wake ni mwingine: rangi ikikwaruzwa hairudi kama pua iliyotiwa weusi, na kipande kikilika, fundi wa kijijini hawezi kukitengeneza kwa tupa, ni lazima kibadilishwe na kiwanda. Mkulima anayetaka chombo cha kuwafundishia wanawe hapotezi fedha kwa kuinunua. Anayetaka kitu cha kumwachia mjukuu ana haki ya kutafuta pua.

Kuhusu Winchester yatosha maneno machache. Mwaka 1964 kiwanda hicho kilibadili njia ya kufanyiza bunduki zake kubwa ili kupunguza gharama, na wanunuzi wakachukia hata leo wanatafuta zile za kabla ya mwaka huo. Mtu angedhani basi kwamba kila Winchester ya baadaye ni duni. Lakini mwaka 1972 kiwanda hicho hicho kilitoa bunduki ya wenzo ya .22 iliyoitwa 9422, ya pua ya kufuliwa, iliyopatanishwa vizuri mno, na hadi ilipoachwa mwaka 2005 hapakuwa na aliyeiona haya. Browning nayo, yenye jina la Kimarekani, tangu yapata mwaka 1970 imeiuza BL-22 iliyofanyizwa Japani na kiwanda cha Miroku; wenzo wake husafiri nyuzi 33 tu, hata vidole haviondoki mahali pake, kwa maana kifyatulio husafiri pamoja nao. Waliokataa kuitazama kwa sababu ya nchi ilikotoka walijinyima wenyewe.

Sasa atazamwe mnunuzi amesimama mbele ya meza katika gulio la bunduki, na mwuzaji anamwambia, "Hii ilikuwa ya babu yangu, haikupigwa sana." Maneno hayo husemwa juu ya kila bunduki. Hapo gulioni hataruhusiwa kupiga hata risasi moja. Ana macho na vidole tu.

Kabla ya yote aelekeze mtutu mahali pasipo na mtu, afungue wenzo, atazame na kupapasa kwa kidole kama kuna risasi ndani. Kisha avute ile fimbo ya bomba na kuhakikisha kwamba bomba ni tupu, kwa maana risasi moja yaweza kukwama humo kwa uchafu, isionekane, na kushuka bunduki inapotikiswa. Risasi hii huitwa ndogo, lakini yaweza kufika maili moja na zaidi na bado ikadhuru.

Halafu atazame vichwa vya parafujo. Hakuna kitu kisemacho kweli kama hivyo. Parafujo ambayo mdomo wake umepanuka na kuchanika yasema kwamba mtu mwenye bisibisi isiyolingana aliifungua, na mtu huyo, akiwa hakujali parafujo iliyo nje, hakujali kamani iliyo ndani. Kisha mahali mti unapokutana na chuma: pasiwe na nafasi ya kupitisha ukucha, wala ufa unaoanzia nyuma ya kiwiliwili kwenda kitakoni. Weusi wa chuma kulika mahali pa kushikia si kosa. Ni alama ya mkono, na bunduki iliyobebwa sana aghalabu imepigwa kidogo. Bali weusi mpya kabisa juu ya herufi zilizofifia ni wa kutiliwa shaka: chuma kimesuguliwa ili kuficha kutu.

Afungue na kufunga wenzo polepole mara kadhaa, kisha kwa haraka. Asikilize. Mwendo uwe mmoja, usiwe na kikwazo katikati. Ukifungwa, wenzo ukae kimya. Ukitikisika sana chini ya kidole, na komeo likacheza, kuna kulika. Ausimamishe nyundo katika hatua ya kati, kama ni bunduki ya namna hiyo, na kuisukuma kwa dole gumba. Ikianguka, bunduki irudi mezani, hata kama bei yake ni nusu. Hapo haifai kubishana. Nyundo hiyo itakuja kuanguka siku moja mtu akiruka ua.

Asifyatue nyundo ovyo bila risasi kusikiliza mlio wake, hasa kwa bunduki za zamani. Pini ya fataki ya ukingoni, isipokuta ukingo wa ganda, hupiga mdomo wa mtutu wenyewe, na mapigo mengi huacha kidonda pale. Kwa sababu hiyo hiyo, mnunuzi apatazame mahali hapo kwa taa ndogo. Kidonda kidogo fundi aweza kukisawazisha. Kikubwa hufanya maganda yakwame, na kwa bunduki ya wenzo ganda lililokwama ni fedheha kubwa.

Kisha mtutu. Kipande cha karatasi nyeupe kiwekwe kwenye mdomo wa nyuma, wenzo ukiwa wazi, na macho yatazame kwa mbele. Mifereji ya ndani iwe na kingo zinazoonekana hadi mwisho. Madoa meusi kama ndui ni kazi ya fataki za zamani, ambazo hadi miaka ya 1920 ziliacha chumvi yenye kuvuta maji. Mtutu wa wakati huo usiosafishwa jioni ile ile uliliwa. Pete moja nyeusi katikati ya mtutu ni jambo baya zaidi: risasi moja ilikwama humo na nyingine ikapigwa nyuma yake. Hata huku nje kidole chaweza kuhisi mahali chuma kilipovimba.

Akiisha kuridhika na kuinunua, kazi iliyobaki ni shambani. Achukue visanduku vya risasi za viwanda vinne au vitano, kwa maana ganda la .22 halijazwi nyumbani, na mwenye bunduki hawezi kufanya jingine ila kutafuta risasi ambayo mtutu wake unaipenda. Bunduki mbili zilizotoka kiwandani siku moja zaweza kupenda risasi mbalimbali. Apige tano tano kwa yadi 50, kitako cha mbele kikilazwa juu ya mfuko wa mchanga. Bunduki ya wenzo ikiweka risasi tano ndani ya duara la inchi moja na nusu kwa masafa hayo, mwenyewe hana haja ya kuona haya. Ikiziweka ndani ya inchi moja, na asiiuze. Maganda yaliyorushwa yaokotwe yatazamwe: alama ya pini iwe ya kina na ukingoni hasa, na pasiwe na ukingo uliopasuka. Ikiwa maganda hayatoki kwa urahisi, yaulizwe mazoea ya mwenyewe wa kwanza. Aliyepiga risasi fupi za bei nafuu kwa miaka mingi huacha pete ya uchafu na kulika pale ganda refu linapotakiwa kukaa, na mara nyingine kusafisha vizuri kwatosha kuiponya.

Lakini katika kusafisha ndipo bunduki nyingi nzuri zilipoharibiwa. Kwa kuwa kiwiliwili kimefungwa kwa nyuma, wengi huingiza fimbo ya chuma kwa mbele, na fimbo ile husugua mdomo wa mtutu, mahali ambapo risasi huaga, mpaka mviringo wake ukapotea na shabaha ikaenda nao. 39A yafunguliwa kwa sarafu, komeo likatolewa, na fimbo ikapita kutoka nyuma kama ipasavyo. Kwa nyingine, yafaa kutumia kamba yenye kitambaa, ivutwe kutoka nyuma kwenda mbele, mara moja au mbili tu, kisha tone moja la mafuta mahali komeo linapoteleza.